Sura ya Tano: Sukari ya Saa Kumi Alasiri

Mwezi wa Ramadhani, ikifika saa kumi alasiri, Mji wa Kale wa Mombasa hubadilika. Walioswali alasiri wanashuka Kibokoni kutazama nini kimewekwa mezani: viazi karai, bajia, katlesi, sambusa, kaimati zinazong'aa kwa shira. Ndani ya majumba nazi zinakunwa, mihogo inachemka, uji unakorogwa usiungue. Watu wamechoka, midomo imekauka, kichwa kinawagonga, na jambo dogo humtoa mtu ukali. Yote hayo ni kawaida ya saumu. Na hapo ndipo hatari ya mwenye kisukari ilipojificha, maana sukari inaposhuka huja na dalili hizohizo: uchovu, kichwa, ukali, mikono kutetemeka, njaa, macho kuingia kiwi. Aliye kando yake haoni tofauti. Mwenyewe mara nyingi haoni pia.

Sura hii inahusu saa hiyo, na jambo ambalo wagonjwa wa muda mrefu hulijua vyema kuliko wanaowahudumia: ugonjwa hauko vilevile kutwa. Mwenye pumu hulala mzima akaamka kifua kimebana. Mwenye seli mundu hucheza leo, kesho mifupa ikamliza. Mwenye kisukari huwa mtu mmoja asubuhi na mtu mwingine jioni. Nimekichagua kisukari, na nimeuchagua mwezi wa Ramadhani, kwa sababu hapa kwetu hakuna wakati ambapo kupanda na kushuka huko huonekana wazi kama mwezi huu. Saa za kula zinageuka, saa za dawa zinageuka, usingizi unakatika, na mwili uliozoea ratiba moja unapewa nyingine kwa siku 29 au 30. Anayejifunza kuishi na sukari yake ndani ya Ramadhani atakuwa amejifunza mengi ya kumfaa miezi kumi na mmoja iliyobaki.

Tuanze na kipimo, kwa kuwa malalamiko mengi huanzia hapo. Mgonjwa kwa kawaida hupimwa asubuhi. Huamka bila kula, hupanda tuktuk mpaka kliniki ya sukari na presha, hupanga foleni, hudungwa kidole, na nambari ikaandikwa kwenye kijitabu chake. Ikiwa 6.2 husifiwa. Ikiwa 13 hukemewa, pengine mbele ya watu, kwamba amekula mahamri na chai ya sukari. Kisha huambiwa arudi baada ya miezi mitatu. Nambari ile ni ya kweli, ila ni ya dakika ile. Haielezi sukari ilikuwa ngapi saa nane usiku, wala itakuwa ngapi baada ya sahani ya wali wa nazi. Na asubuhi yenyewe ina mambo yake. Kuelekea alfajiri mwili humwaga homoni za kumwamsha mtu, na ini hujibu kwa kutoa sukari katika damu. Ndiyo maana wako ambao hawakutia kitu mdomoni tangu jioni na bado huamka na sukari ya juu kuliko waliyolala nayo. Mtu huyo akiambiwa kwamba alikula usiku kwa siri, anaonewa. Nayasema haya kwa uchungu, maana nimewaona wazee wanaoacha kwenda kliniki kwa kukwepa kukemewa tu.

Kiko kipimo kingine, kile ambacho wengi hukiita sukari ya miezi mitatu. Chanzo chake ni kazi ya daktari Samuel Rahbar huko Tehran, Iran, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 aliona kwamba damu ya wagonjwa wa kisukari ina himoglobini iliyo tofauti kidogo na ya wengine. Baadaye ikafahamika kuwa sukari hujibandika kwenye himoglobini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe hizo huishi takriban siku 120, kwa hiyo kiasi cha sukari kilichojibandika huonyesha mtu amekuwaje kwa muda wa wiki nane hadi kumi na mbili. Ni kipimo cha maana sana, na kila mwenye kisukari anastahili kukipata. Lakini kinachopimwa ni wastani, na wastani huficha. Mtu ambaye sukari yake hurukaruka kati ya 3 na 15, na mwingine ambaye yake hutulia kati ya 7 na 11, wanaweza kupewa jibu lilelile. Wa kwanza yuko hatarini karibu kila siku. Mvuvi anayetoa ngalawa haulizi kina cha bahari kwa wastani. Huuliza kama ni bamvua au maji mafu, na kama maji yanajaa au yanapwa.

Sasa tuingie mwilini. Mtu akila, sehemu ya sukari ya chakula huwekwa kwenye ini kama akiba, kwa umbo liitwalo glikojeni. Saa zinapopita bila chakula, ini hutoa akiba hiyo kidogo kidogo ili ubongo usikose. Kwa asiye na kisukari kongosho hupunguza insulini wakati huo bila yeye kujua, na sukari hukaa mahali pake mpaka adhana ya magharibi. Mwenye kisukari aliyemeza dawa ya kusukuma kongosho, kama vile glibenklamaidi, au aliyejidunga insulini alfajiri, hana unafuu huo. Dawa haijui kwamba mtu amefunga. Inaendelea kushusha sukari saa saba, saa tisa, saa kumi, huku akiba ya ini inazidi kupungua. Kwa hiyo saa za mwisho kabla ya kufuturu ndizo mara nyingi zenye hatari kubwa.

Upande huu wa dawa ulionekana tangu mwanzo kabisa. Kipupwe cha mwaka 1921 kuelekea 1922, katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, mwanakemia James Collip alikuwa akisafisha maji ya kongosho za wanyama ili Frederick Banting na Charles Best wapate insulini ya kumdunga binadamu. Alipima nguvu yake kwa sungura. Baadhi ya sungura walishikwa na degedege wakazimia, na walipopewa sukari wakazinduka. Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwa dawa hiyo, na kisukari cha watoto kikaacha kuwa hukumu ya kifo. Hata hivyo, wale sungura walikuwa wameshaonyesha kwamba dawa inayookoa inaweza pia kuangusha, na kwamba anayeitumia lazima ajue chakula chake kiko wapi katika saa za siku.

Watu wengi wenye kisukari hufunga. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2004, uliohusisha zaidi ya watu 12,000 katika nchi 13 zenye Waislamu wengi, ulikuta kwamba karibu wanane kati ya kila kumi wenye kisukari cha aina ya pili walifunga angalau siku 15 za Ramadhani. Hata kwa aina ya kwanza, iliyo na hatari zaidi, walifunga zaidi ya wanne kati ya kumi. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba kushuka kwa sukari hadi mtu kulazwa hospitali kuliongezeka karibu mara tano kwa aina ya kwanza, na zaidi ya mara saba kwa aina ya pili. Mimi nasoma mambo mawili hapo. La kwanza, hatari ni ya kweli, na asiifanye mtu mchezo. La pili, daktari anayesema "usifunge" na kuishia hapo amemwacha mgonjwa wake peke yake.

Mazungumzo huwa hivi. Daktari kijana anauliza: "Bi mkubwa, mwaka huu unafunga?" Naye anajibu: "La, mwanangu, sifungi." Huku amekwisha kununua tende, na nia yake ya kufunga haina shaka. Amesema hivyo kwa heshima, na kwa sababu jibu la kweli lingemletea mawaidha. Matokeo yake ni kwamba dozi zake hazikubadilishwa. Anaingia Ramadhani na dawa zilizopangwa kwa mtu anayekula asubuhi, mchana na jioni. Lingekuwa jambo la kheri kama swali lingekuja kwa namna nyingine: "Ukifunga, mama, dawa utazimeza saa ngapi?" Hapo angesema.

Wakati wa mazungumzo hayo ni Rajabu. Miongozo ya kimataifa kuhusu kisukari na Ramadhani, iliyotolewa upya mwaka 2021 na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari pamoja na wenzao wa muungano wa kisukari na Ramadhani, inashauri mgonjwa amwone daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama. Muda huo unatosha kupima figo, kutazama macho na miguu, kujaribu dozi mpya, na hata kufunga siku moja mbili za majaribio. Wapo ambao daktari atawaambia wasifunge kabisa: mwenye aina ya kwanza ambaye sukari yake haijatulia, mjamzito anayetumia insulini, mwenye figo zilizochoka sana, aliyeanguka kwa sukari ya chini ndani ya miezi mitatu iliyopita, na yule ambaye sukari yake hushuka bila yeye kuhisi lolote.

Huyo wa mwisho anahitaji maneno zaidi. Mtu aliyekaa na kisukari miaka mingi, hasa kama sukari yake imeshuka mara nyingi, hupoteza polepole ile kengele ya mwili. Hatetemeki, moyo hauendi mbio. Anachanganyikiwa tu, kisha anaanguka. Na wengi wetu tuna presha pamoja na sukari. Baadhi ya dawa za presha, kama atenolo na propranolo, huzuia moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, kwa hiyo huifunika kengele hiyo hata kwa yule ambaye bado anayo. Jasho hubaki. Ukimwona mzazi wako anayetumia dawa hizo amekaa barazani, shati limelowa jasho la baridi na maneno yake hayashikani, usingoje akwambie anajisikia vipi. Mpime.

Kupima kwa kudunga kidole hakubatilishi saumu, na wanazuoni wengi wa zama zetu wamelieleza hilo waziwazi. Wengi wao wanasema hivyohivyo kuhusu sindano ya insulini, kwa kuwa si chakula. Bado utawakuta watu mtaani wanaoficha mashine kwenye droo mpaka magharibi, wakiogopa tone la damu litawaharibia siku.

Nambari za kushika ni mbili. Sukari ikiwa chini ya 3.9, fungua. Ikiwa juu ya 16.6, fungua. (Mwenye mashine inayosoma kwa vipimo vya zamani, ni 70 na 300.) Aliye chini ya 3.9 anywe nusu glasi ya sharbati au soda ya sukari, au maji yenye vijiko vitatu vya sukari, angoje dakika 15, apime tena. Ikiwa bado iko chini, arudie. Ikipanda, ale chakula cha kumshikilia. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Ni rahisi kuandika neno "fungua" kitabuni. Kulifanya, ukiwa umekaa Mkanyageni au Kuze, ni jambo jingine. Ni saa kumi na moja, mashine inasoma 3.4, adhana ya magharibi ni saa kumi na mbili na nusu na dakika chache. Mgonjwa anasema, "Imebaki saa moja na nusu, nitavumilia." Sijui sentensi nyingine katika ugonjwa huu iliyoangusha watu wengi kama hiyo. Saa moja na nusu ya mtu mwenye dawa mwilini na akiba iliyokwisha ni ndefu kuliko kutwa nzima iliyopita. Na anayeisema si mjinga. Anaona amekaribia kukamilisha. Anaona nyumba nzima imefunga, hata mtoto wa miaka tisa. Katika mtaa ambao nyumba zimebanana hadi jirani anasikia kijiko kikigonga kikombe, anawaza nani atamwona anakunywa soda mchana wa Ramadhani.

Kuhusu dini sina la kumfundisha mtu wa Mji wa Kale, lakini nitakumbusha. Aya za 184 na 185 za sura ya Al-Baqara zimemtaja mgonjwa kwa jina la hali yake na kumpa siku nyingine. Asiyetarajiwa kupona ugonjwa unaomzuia, amewekewa fidia ya kumlisha maskini kwa kila siku. Ruhusa hiyo haikuja na masharti ya aibu. Anayefungua kwa 3.4 ametumia alichopewa na Mola wake, na familia inayomfungulia mlango wa jikoni na kukaa naye anapokunywa inafanya ibada yake. Napenda kuona maimamu wakilisema hili mimbarini Ijumaa ya mwisho ya Shaaban, kwa sauti, wakiitaja sukari kwa jina lake. Mama mmoja akilisikia pale, hatahitaji kuliomba nyumbani.

Kuna mzigo mwingine, usiopimika kwa mashine. Mgonjwa ambaye hali yake hupanda na kushuka huaminika nusu. Jana alitembea hadi Marikiti na kurudi na kikapu, leo anasema hawezi kuinuka. Jana aliswali tarawehe rakaa zote, leo kakaa nyumbani. Watu huanza kusema ni uvivu, au ni deko. Akifunga siku kumi, akafungua ya kumi na moja, huulizwa mbona zile kumi aliweza. Jibu ni kwamba siku ya kumi na moja alilala saa tatu tu, au alikuwa na kidonda kinachoanza kuingia usaha, au daku ilimpita. Homa na maambukizi hupandisha sukari. Kukosa usingizi na fadhaa huipandisha pia. Kazi nzito ya mchana na chakula kilichokosekana huishusha. Mwili ule ule, dawa ile ile, siku mbili, nambari mbili. Kupanda na kushuka huko kusitumiwe kama ushahidi wa kumshitaki mtu kwa tabia yake.

Sasa vijiti vya kupimia, au stripu kama wengi wanavyoziita. Mashine huweza kununuliwa mara moja, lakini stripu huisha na ni ghali, na hapo ndipo ushauri mwingi wa vitabuni unaposhindwa. Mtu anaambiwa apime mara nne kwa siku, naye ana uwezo wa kijiti kimoja. Basi akitumie kwa akili. Kosa la kawaida ni kukitumia kila siku asubuhi, saa ileile, na kupata habari ileile mara thelathini. Apime kila siku kwa saa nyingine: leo kabla ya daku, kesho saa nne asubuhi, keshokutwa saa nane mchana, siku ya nne saa kumi alasiri, siku ya tano saa mbili baada ya kufuturu, siku ya sita kabla ya kulala, kisha aanze tena. Baada ya wiki mbili ataona umbo la siku yake, hata kama hakupima siku yoyote kikamilifu. Atajua sukari yake hutelemkia wapi. Akiwa na stripu ya ziada, aiweke kwa saa ile ya hatari, na kwa wakati wowote anapojihisi si yeye.

Kando ya nambari aandike maneno machache: alikula nini, alilala saa ngapi, dawa ipi saa ngapi, kama alikuwa na homa. Daftari la shule linatosha. Nimeona daftari moja ambalo binti alimwandikia babake asiyejua kusoma. Kila mstari ulikuwa na nambari, saa, na picha ndogo ya sahani. Daktari aliyelifungua alibadilisha dozi papo hapo, kwa sababu kwa mara ya kwanza aliiona siku nzima.

Kuhusu dawa zenyewe, sitaandika dozi ya mtu nisiyemjua. Nitataja maswali ya kupeleka. Anayemeza metfomini peke yake hana hatari kubwa ya kushuka. Aulize tu namna ya kuigawa kati ya futari na daku. Anayemeza glibenklamaidi aulize kama anaweza kubadilishiwa dawa iliyo pole zaidi kwa mwezi huu, kama gliklazaidi. Anayejidunga insulini ya mchanganyiko aulize kama dozi kubwa ya asubuhi ihamie futari, na ile ya jioni ipunguzwe na kuhamia daku. Na anayetumia uwatu, habasoda, karela au mwarobaini aseme. Baadhi ya vitu hivyo vinaweza kushusha sukari. Vikijumuishwa na dawa ambayo daktari hajui ina mwenzake, saa kumi alasiri inakuwa ngumu zaidi. Sioni sababu ya kumcheka anayevitumia. Naona sababu ya kuvitaja.

Insulini ina shida yake nyingine, joto. Miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, kilele cha kaskazi, wakati kisiwa hufikia nyuzi 32 au 33 mchana na usiku haupoi sana. Chupa ambayo haijafunguliwa hutakiwa ikae kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, isigande. Asiye na friji, au ambaye umeme humkatikia, asikate tamaa. Nchini mwetu, katika kambi ya Dagahaley huko Dadaab, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipima joto la nyumba za wagonjwa, na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Geneva wakaiweka insulini katika maabara kwenye joto lilelile la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: kwa wiki nne dawa haikupoteza nguvu yake. Kwa hiyo chupa inayotumika inaweza kukaa nyumbani mwezi mmoja, mahali pa kivuli, mbali na jiko na dirisha la jua. Mtungi wa udongo unaovuja jasho husaidia, ingawa hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi na mtungi hapa haupozi kama unavyopoza kwenye ukavu wa Dadaab. Kilicho kibaya kabisa ni kuiacha ndani ya gari lililoegeshwa juani, au kuibandika kwenye barafu ikaganda.

Chakula nimekiacha nyuma kwa makusudi, kwa sababu watu hukianza wao na kukimaliza wao, kana kwamba kisukari ni ugonjwa wa kaimati. Lakini lipo la kusema, na la kwanza ni saa ya daku. Nyumba nyingi hula daku saa sita usiku baada ya mazungumzo marefu, kisha hulala mpaka alfajiri. Kwa mwenye kisukari hesabu hiyo ni mbaya. Kutoka alfajiri hadi magharibi, hapa Mombasa, ni kama saa 13 na nusu. Akila saa sita usiku asiamke tena, zinakuwa zaidi ya 18. Kuchelewesha daku ni sunna, na katika ugonjwa huu sunna hiyo ni kinga. Wali mweupe wenye mchuzi mwepesi hupandisha haraka na kuisha haraka. Mbaazi, pojo, samaki, mayai, mkate wa mofa wa mtama hushikilia mpaka mchana. Na maji, mengi, kabla ya adhana.

Magharibi nako kuna upande wa pili, ule wa kupanda. Sukari iliyokuwa 4 saa kumi na mbili inaweza kuwa 17 saa tatu usiku, na wengi hawapimi saa hiyo kwa sababu wamekwisha kujisikia vizuri. Tende moja au mbili na maji, kisha kuswali, kisha kurudi mezani, huupa mwili nafasi. Kuanza na mboga na samaki kabla ya mbatata za nazi na uji kunapunguza kasi. Sharbati ya ukwaju inaweza kukorogwa bila sukari, na ulimi huzoea ndani ya wiki. Kahawa tungu haina neno. Halua ya pembeni yake ndiyo yenye neno, na kipande kidogo siku moja moja hakimwangushi mtu anayejua nambari zake. Kutembea kwenda tarawehe, kusimama na kurukuu, ni mazoezi ya kweli yanayoishusha sukari ya futari, na anayetumia insulini ayahesabu hivyo anapopanga dozi ya usiku.

Aliyefungua siku kadhaa na akaruhusiwa na daktari kulipa, achague kusi. Kisiwa chetu kiko karibu na ikweta, kwa hiyo mchana wa Julai na mchana wa Machi hautofautiani hata nusu saa. Joto ndilo linalotofautiana: Julai huwa nyuzi 27 au 28, upepo unavuma kutoka baharini, na kiu si ile ya kaskazi. Alipe siku moja moja, na wiki isiyo na homa wala safari.

Kisha Idd. Asubuhi yake dawa hurudi saa zake za zamani, na hilo hufanywa siku ileile, kwa sababu anayeendelea na dozi ya Ramadhani huku anakula mchana hupanda bila breki. Siku hiyo kila nyumba ina sahani, kila shangazi na kila nyanya anataka uonje, na kukataa ni vigumu. Aliye na daftari huenda nalo kichwani: anajua tambi za asubuhi zilimfikisha wapi mwaka jana, anajua atapima saa ngapi, na anamwambia mwenyeji mapema kwamba atakunywa chai kavu. Wiki ya kwanza ya Shawwal, kabla ya kufikiria zile saumu sita, apeleke daftari kliniki na kumfungulia daktari ukurasa wa saa kumi alasiri.